Wazo Lililokataliwa Lifanyiwe Nini: Mwongozo kwa Wabunifu wa Moshi na Arusha

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kila mbunifu aliyewahi kurudi nyumbani na mchoro wake umekunjwa kwapani ameambiwa maneno hayo na mtu anayempenda. Methali hiyo ni ya kweli, lakini haimwelezi mhunzi afanye nini kesho yake asubuhi, koleo likiwa vipande viwili na moto ukimngoja. Mwongozo huu unahusu asubuhi hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wanaoishi kwa kubuni hapa Moshi na kule Arusha: wasanifu wa lebo na mabango, mafundi seremala, washonaji, waandishi wa michezo ya redio, waongoza watalii wanaotunga safari mpya, na vikundi vya akina mama vinavyosindika vyakula. Ninayoyaeleza nimeyajaribu katika karakana yangu ndogo ya usanifu na uchapaji.

Ninaamini kwamba mtu anapokataa wazo, ni nadra kulikataa lote. Hukataa sehemu yake moja, na kwa kuwa sehemu hiyo imeshikamana na nyingine, zote huonekana zimekataliwa pamoja. Kazi ya mbunifu ni kuitafuta sehemu hiyo na kuitoa, kisha kuangalia kilichobaki kinaelekea wapi. Ili maelezo yasielee hewani, nitafuata kazi moja tangu mwanzo wake. Kikundi cha akina mama wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilikuwa kinakausha ndizi na kuzisaga kuwa unga wa uji, kikaniomba kifungashio ambacho kingeuwezesha unga huo kuingia katika maduka ya mjini. Nilibuni mzigo mdogo uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba, unga wa ndizi ukiwa ndani ya jani la mmea uleule ulioizaa ndizi. Akina mama waliupenda. Mwenye duka wa kwanza tuliyempelekea aliushika, akaugeuza, akaurudisha mezani na kusema, "Ni zuri sana, ila tutakutafuta."

Hatua ya kwanza: Yaandike yaliyosemwa kabla hujalala

Uchungu wa kukataliwa huharibu kumbukumbu. Ukilala bila kuandika, asubuhi utaamka ukikumbuka kwamba kazi yako "haifai", neno ambalo huenda hakuna aliyelitamka, na mtu anayejaribu kurekebisha "haifai" hana mahali pa kuanzia. Tenga daftari moja kwa ajili ya shughuli hii tu, na kila wazo lipe ukurasa wake. Juu ya ukurasa andika swali ulilokuwa unalijibu, chini yake eleza jibu ulilolipeleka, kisha nukuu maneno ya aliyekataa kama alivyoyatamka, bila kuyapamba wala kuyafupisha, pamoja na tarehe na mahali.

Andika pia alichokifanya kwa mikono yake, kwa sababu mikono husema mapema kuliko mdomo. Mwenye duka yule hakutaja kasoro yoyote, lakini katika ukurasa wangu nilikuwa nimeandika kwamba alipouweka ule mzigo mezani alipangusa kiganja chake kwenye suruali, na kama nisingeliandika jambo hilo dogo jioni ileile, lingenipotea kabisa. Siku hiyo usirekebishe chochote. Marekebisho yanayofanywa kwa hasira huondoa kile ulichokipenda zaidi, kwa kuwa ndicho kinachouma.

Hatua ya pili: Jifunze kuisoma lugha ya kukataa

Hatua hii nitaichambua kwa urefu, kwa kuwa hapa ndipo mawazo mengi hufia bila mwenyewe kujua yamekufa kwa ugonjwa gani. Kwetu neno "hapana" halitamkwi kirahisi mbele ya mtu aliyekuja na adabu zake, akasalimia, akauliza habari za nyumbani na za shamba. Anayekataa hutafuta njia ya kukuondoa bila kukuvunjia heshima, na wewe usipoijua lugha hiyo unaweza kungoja simu kwa miezi mitatu, au kinyume chake, ukalitupa wazo ambalo lilikuwa limeombwa lisubiri tu.

Anayesema "tutakutafuta" bila kuomba namba yako ya simu amekataa. Akiiomba, akaiandika mbele yako na kukuuliza jina lako la pili, bado anafikiri. Anayesema "acha hapa nitaangalia" mtazame anakiweka wapi, kwa maana kinachowekwa pamoja na risiti na madaftari ya duka kina nafasi ya kuonwa tena, na kinachosukumwa chini ya kaunta hakina. "Ngoja nimshirikishe mwenzangu" mara nyingi ni maneno ya kweli, na maana yake ni kwamba umelipeleka wazo kwa mtu asiyekuwa mwamuzi, kwa hiyo omba kwa unyenyekevu uje siku ambayo huyo mwenzake yupo. "Bei imechangamka kidogo" ni jibu lenye faida, kwa sababu limetaja kitu kinachoweza kupimwa. "Ubarikiwe kwa kazi nzuri" ni dua inayofunga mlango taratibu. Na kila anayesema "ni zuri, ila", fahamu kwamba yaliyotangulia "ila" ni heshima anayokupa, na yanayofuata ndiyo unayopaswa kuyaandika daftarini. Yakiwa hayakufuata maneno yoyote ya maana, kama ilivyonitokea mimi, inabidi urudi kuyatafuta.

Namna ya kurudi ina utaratibu wake. Usimuulize mtu kwa nini alikataa, kwa sababu swali hilo humfanya ajitetee, na anayejitetea hukupa sababu ya heshima badala ya sababu ya kweli. Uliza juu ya maisha ya kitu chenyewe. Siku ya tatu nilirudi dukani kwa mzee yule, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kijana wangu, na baada ya salamu nikamwambia, "Mzee, leo sikuja kukuuzia kitu. Naomba unifundishe: ule mzigo ungekuwa umekaa kwenye rafu yako tangu Machi, mpaka Mei ungekuwaje?" Aliuwazia kidogo, kisha akaeleza bila kujibana. Masika huleta unyevu dukani, majani makavu huunyonya na kuota ukungu, na jua likirudi hukauka tena na kupukutika juu ya bidhaa nyingine. Zaidi ya hayo, lebo ya karatasi haishiki vizuri juu ya jani, kwa hiyo mteja hawezi kusoma tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi. Yote hayo alikuwa anayajua tangu siku ya kwanza, ila hakuona njia ya kuyasema mbele ya akina mama watatu waliokuwa wakimtazama kwa matumaini.

Pale ambapo uhusiano wako na aliyekataa hauruhusu kurudi mwenyewe, mtumie mshenga. Katika posa tunajua kwamba mshenga husikia ambayo kijana hawezi kuambiwa usoni, na kwamba mshenga mwema huyarudisha yakiwa hayakuongezwa chumvi. Wazo nalo linaweza kuwa na mshenga: mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili, ambaye hana cha kupata wala kupoteza, na ambaye umemwomba wazi akuletee ukweli ulivyo.

Hatua ya tatu: Tambua ni hapana ya nini

Ukishapata maneno ya kweli, jiulize yamelenga wapi. Yapo yanayolenga umbo, kama vumbi na ukungu wa majani yangu, na hayo ndiyo rahisi kuliko yote kuyafanyia kazi. Yapo yanayolenga mtu, yaani wazo lilifika kwa asiyehusika. Na yapo yanayolenga wakati, ambayo nitayaeleza kwa mfano.

Mnamo mwaka 2016 nilipendekeza kwa wateja wangu kadhaa wa mjini mifuko ya karatasi ya kaki yenye jina la duka. Wote walikataa kwa sababu moja, nayo ni kwamba mfuko wa plastiki ulikuwa karibu bure na mteja aliupata bila kuulizwa. Hoja yao ilikuwa sahihi kabisa kwa mwaka huo. Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutumika nchini Tanzania, na kabla ya tarehe hiyo kufika watu wawili kati ya wale waliokataa walikuwa wamenipigia simu. Nilikuwa na ukurasa wenye vipimo, uzito wa karatasi na michoro, kwa hiyo sikuanza upya. Lakini sikuwapelekea kilekile nilichokichora mwanzoni, kwa sababu sasa mfuko ulipaswa kubeba sukari, mchele na sabuni ambavyo zamani vilikaa ndani ya plastiki, na kishikio cha karatasi kilichogundishwa kisingehimili. Wazo lililokataliwa kwa sababu ya wakati hurudi likiwa na majukumu mapya, na asiyelitazama upya hulipeleka likiwa limepitwa kwa mara ya pili.

Kuna hapana nyingine ambayo haipaswi kuzungukwa hata kidogo, nayo ni ya heshima. Katika rasimu moja ya kazi hiihii ya unga nilichora jani la isale, mmea wenye heshima kubwa katika mila za Wachagga, kama pambo la pembeni, kwa kuwa umbo lake ni zuri na kila mtu wa mlimani analitambua. Bibi mmoja wa kikundi aliweka kidole juu ya mchoro akasema kwamba kwa isale mtu huomba msamaha, na kwa isale mipaka ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, huwekwa, hivyo halikuumbwa ili kuuzia unga. Sikumwomba anieleze zaidi. Mbunifu anayetafuta namna ya kuipenyeza alama ya namna hiyo baada ya kuambiwa maneno kama hayo amekosa adabu, na kazi yake ikikubaliwa na soko haitakubaliwa nyumbani.

Hatua ya nne: Rudi kwenye swali

Soma lile swali uliloliandika juu ya ukurasa, uhakikishe halijabeba jibu lako ndani yake. Mimi nilikuwa nimeandika, "Tutafungaje unga kwa majani ya mgomba?" Hilo halikuwa swali, lilikuwa ni jibu lililovaa alama ya kuuliza, na kwa kuwa majani yalikataliwa, ukurasa wote ulionekana kufa. Nililifuta nikaandika upya: "Mnunuzi wa mjini atajuaje, kwa kuutazama tu, kwamba unga huu umetoka mgombani na umetengenezwa na mikono ya watu?" Swali hili lilikuwa hai, wala mwenye duka hakuwa amelikataa. Hatua hii ni fupi kuieleza, ingawa binafsi hunichukua siku nzima kuitekeleza.

Hatua ya tano: Ligeuze pingamizi liwe sharti

Pingamizi likibaki jinsi lilivyotamkwa hukatisha tamaa, lakini likiandikwa upya kama sharti linalopimika hukuelekeza mkono. "Majani yanapukutika" niliyaandika hivi: rafu nyeupe iliyowekewa mzigo huu kwa wiki mbili ibaki nyeupe. "Lebo haishiki" yakawa: tarehe zisomeke na mtu mzima bila miwani, akiwa amesimama. "Yanaota ukungu" yakawa: kitu chochote cha mgomba kisigusane na unga wala kisizidi kiasi kinachoweza kukauka chenyewe kwa siku moja. Masharti hayo matatu hayakutaja majani hata mara moja, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba mgomba una sehemu nyingine nyingi zaidi ya jani.

Historia ya mlima wetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Wachagga walipopanua kilimo chao cha kahawa wakati wa ukoloni wa Mwingereza, walowezi walipinga, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba mashamba madogo ya Waafrika yangeeneza wadudu na magonjwa hadi kwenye mashamba makubwa. Mwaka 1925 wakulima hao waliunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association), na kupambana na wadudu na magonjwa ya mibuni kukawa miongoni mwa shughuli zake pamoja na kutetea masilahi ya wakulima sokoni. Hoja iliyotumika kuwazuia ikageuka kuwa sehemu ya kazi ya chama. Chama hicho nacho kilipingwa, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union), ushirika ambao ofisi zake zipo hapa Moshi hadi leo. Sisemi kwamba kila kilichobadilika katika safari hiyo kilibadilika kwa hiari ya wakulima, kwa maana mkono wa serikali ya kikoloni ulikuwapo. Ninachokitazama ni namna walivyolijibu lile la magonjwa.

Hapa natoa tahadhari moja. Aliyekataa husema kweli kuhusu kinachomsumbua, lakini dawa anayoipendekeza inaweza isiwe dawa. Mzee wa duka, baada ya kunieleza habari za ukungu, aliniambia niweke picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mbele ya pakiti na mambo yatakwisha. Katika rafu zake mwenyewe kahawa, maji, asali na chai vilikuwa tayari vimebeba picha ya Kibo, na pakiti yetu ingepotea katikati ya milima. Nilipomuuliza picha ile ingemsaidia vipi, alisema wageni huwa wanataka kitu cha kuwaonyesha watu wao walikofika. Hilo lilikuwa sharti la kweli, nikaliandika: mgeni asiyejua Kiswahili aweze kutambua kwamba kitu hiki ni cha hapa. Picha ya Kibo sikuiweka.

Hatua ya sita: Tengeneza matoleo ya haraka, kila moja libadilishe kitu kimoja

Usitengeneze toleo moja zuri. Tengeneza matatu au manne kwa mkasi, gundi na karatasi ya bei ndogo, na katika kila moja ubadilishe kitu kimoja tu, ili likifaulu au likishindwa ujue ni kwa sababu ya nini. Toleo langu la kwanza lilikuwa mfuko wa kaki nje na jani ndani. Unga ukachukua harufu ya jani kavu ndani ya siku tano, na akina mama wakasema uji wake una ladha ya paa la kibanda. La pili lilikuwa karatasi iliyochapwa michirizi ya jani la mgomba. Lilikuwa safi, lilisomeka, wala halikumgusa mtu yeyote. La tatu lilikuwa mfuko wa kaki wenye utando wa nailoni ndani, mdomo wake ukiwa umekunjwa na kufungwa kwa kamba iliyochanwa kutoka kwenye ganda kavu la mgomba, kama tunavyofungia mizigo shambani. Kamba hiyo ilitimiza masharti yote, na wageni waliokuja karakanani waliigusa kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kasoro yake ni kwamba haikuwa na kazi ya kufanya. Mfuko ulikuwa umeshagundishwa mdomo, na mzee wa duka, mtu makini, angeuliza kamba ni ya nini.

Ninaposhawishika kuacha katika hatua hii hukumbuka jumba la opera la Sydney, Australia. Mchoro wa msanifu majengo wa Denmark, Jørn Utzon, ulishinda shindano la kulibuni mwaka 1957, lakini mapaa yake yenye umbo la magamba hayakuwa na hesabu iliyowezesha kuyajenga kama yalivyochorwa, na kwa miaka kadhaa yeye na wahandisi wa kampuni ya Ove Arup walijaribu umbo moja baada ya jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifikia uamuzi kwamba magamba yote yakatwe kutoka katika tufe moja, na kwa hiyo vipande vingeweza kufanana na kutengenezwa kwa kurudiarudia. Jengo lilifunguliwa mwaka 1973. Mapaa yanayojulikana leo duniani kote yalitokana na kushindikana kwa yale ya mwanzo.

Hatua ya saba: Yakutanishe yaliyokataliwa

Hii ndiyo sababu kubwa ya kutunza daftari, na ningependa msomaji aipe uzito kuliko hatua nyingine zote. Unapokwama, fungua kurasa za zamani na utafute wazo lililokosa kile ambacho wazo la leo linacho. Miaka miwili kabla ya kazi ya unga nilikuwa nimeibunia hoteli moja ndogo kadi za mapishi ya mlimani, mtori wa mshare, yaani supu nzito ya ndizi, ukiwa wa kwanza, ziwekwe mezani ili wageni waondoke nazo. Zilikataliwa, na daftari langu lilikuwa limehifadhi maneno ya mwenyeji wangu: "Kaka, kadi ni nzuri, ila hazina pa kukaa. Zinaishia chini ya sahani."

Wakati huohuo akina mama walinieleza kwamba wateja wa majaribio walikuwa wanarudi na malalamiko ya uji wenye mabonge, kwa sababu waliumwaga unga kwenye maji yanayochemka badala ya kuukoroga kwanza kwa maji baridi. Niliposoma kurasa hizo mbili kwa pamoja niliona kwamba nina kamba isiyo na kazi na kadi isiyo na mahali. Kadi ilitobolewa tundu, kamba ya mgomba ikapita humo na kuzunguka shingo ya pakiti. Upande mmoja wa kadi ulieleza kwa herufi kubwa namna ya kukoroga uji, na upande wa pili ulionyesha kwa michoro minne safari ya ndizi tangu mgombani hadi kwenye kinu, michoro ambayo mgeni asiyejua Kiswahili angeweza kuifuata. Mawazo yote mawili yalikuwa yamekataliwa kwa haki. Hakuna hata moja ambalo lingefika hapo peke yake, na wala mimi nisingeweza kukibuni kitu kile kama mtu angeniagiza nikibuni moja kwa moja.

Hatua ya nane: Mpe mwingine alishike

Kabla ya kurudi kwa mteja, mpe mchoro mtu wa fani nyingine na umruhusu aufanyie anachotaka. Mwaka 1884 wahandisi wawili wa kampuni ya Gustave Eiffel, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, walichora mnara mrefu wa chuma kwa ajili ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1889. Eiffel hakuvutiwa nao sana, ila hakuwakataza kuendelea. Walimshirikisha msanifu majengo Stephen Sauvestre, naye akauongezea matao makubwa kwenye miguu na kuupa sura ya jengo badala ya nguzo tupu. Ndipo Eiffel alipouunga mkono, akaingia pamoja na wahandisi wake katika hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya mwaka huohuo wa 1884, na baadaye akanunua haki zao.

Mnara ule leo unabeba jina la mtu mmoja, na hilo linanileta kwenye jambo la makubaliano. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania hulinda kazi iliyokwisha kuwekwa katika umbo linaloonekana au kusikika, kama mchoro, andiko au wimbo uliorekodiwa; wazo lililoko kichwani au lililosimuliwa tu kwenye mazungumzo haliguswi na ulinzi huo. Kwa hiyo, chora, tia tarehe, na mnapofanya kazi wawili andikeni mapema nani amechangia nini na malipo yatagawanywaje. Kazi iliyokamilika unaweza kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukivunjika kwa ajili ya bango moja, kwa sababu tu karatasi ya mistari mitano haikuandikwa.

Hatua ya tisa: Rudi na kitu kinachoshikika

Ukirudi kwa aliyekataa, usianze kwa kusema umeboresha, kwa kuwa neno hilo humtaka akusifu. Anza na maneno yake mwenyewe. Nilimwambia mzee, "Uliniambia habari ya ukungu, ya kupukutika na ya tarehe kutosomeka, na ukanieleza wageni wanataka nini. Naomba uitazame hii, uone kama nilikusikia." Kisha nikanyamaza. Niliiweka pakiti juu ya rafu yake halisi, kati ya asali na kahawa, maana kitu kinachopendeza juu ya meza tupu kinaweza kupotea kabisa kikiwa na majirani. Aliivuta kamba, akageuza kadi, akasoma upande wa mapishi hadi mwisho. Hakupangusa mkono. Alichukua dazeni moja za majaribio, akaomba namba ya simu ya mwenyekiti wa kikundi na kuiandika kwenye daftari la duka.

Si lazima urudi kwa mtu yuleyule. Wazo likikua sana linaweza kuwa limehama mlango, na linalokataliwa dukani Moshi huenda likawa linahitajika kwenye kambi ya watalii nje ya Arusha. Hata hivyo, ningekushauri umrudie yule wa kwanza angalau mara moja, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa wazo masharti yake, na anastahili kuyaona yametimizwa.

Hatua ya kumi: Ujue pa kuachia

Wapo watakaokuambia usikate tamaa kamwe, na mimi sikubaliani nao. Watu watatu wasiofahamiana wakilikataa wazo kwa sababu ileile, na wewe umeshalifanyia matoleo ya haraka yaliyoshindwa kuiondoa sababu hiyo, liache. Fungua ukurasa wake, ulivunje wazo katika sehemu zake, na kila sehemu iliyokuwa njema uiandike kwa jina lake, ili siku nyingine ipatikane bila kulazimika kulifufua wazo zima. Sehemu isiyofaa ipige mstari, lakini usiifute hata isisomeke.

Ukurasa wangu wa majani ya mgomba bado una sehemu mbili zisizopata kazi. Ya kwanza ni sauti ya jani kavu linapofunguliwa, ambayo watoto wa akina mama wale waliichezea sana siku ile ya kwanza. Ya pili ni harufu yake, ileile iliyouharibu unga. Mtengenezaji mmoja wa sabuni wa hapa mjini ameniomba kifungashio, na sabuni hailiwi wala haichukui ladha ya paa la kibanda. Nimeiandikia sehemu hiyo tarehe ya kuijaribu, wiki ya kwanza ya Juni, masika yakiwa yamekwisha na majani yanaweza kukauka vizuri.